Jinsi ya Kula Ngano Kila Siku Bila Kuidhuru Afya Yako

Mkazi wa Nairobi anaweza kula ngano mara tatu kwa siku pasipo kukusudia. Alfajiri, kabla ya kupanda matatu, hununua mandazi mawili na chai ya maziwa kwenye kibanda kilicho karibu na steji. Saa saba mchana huagiza chapati mbili kwa ndengu. Na jioni, kwa kuwa amerudi amechoka na hana nguvu ya kuinjika sufuria, familia humaliza siku kwa mkate na chai. Kesho yake mambo huwa ni yale yale. Kwa hiyo anayeuliza iwapo kula ngano kila siku kunafaa afya anauliza juu ya maisha yetu wenyewe, na anastahili jibu analoweza kulitumia jikoni mwake.

Jibu langu ni kwamba mtu asiye na ugonjwa unaomkataza ngano anaweza kuila kila siku na ikamjenga, mradi sehemu kubwa ya ngano hiyo iwe haijavuliwa pumba zake, isinyweshwe mafuta kupita kiasi, na isichukue mahali pa mboga, kunde na matunda. Masharti hayo matatu ndiyo yanayosahaulika, huku ngano yenyewe ikibebeshwa lawama zote.

Nayasema haya kwa sababu niliyaona nyumbani kwetu. Mama yangu alipopatikana na kisukari, katika zahanati moja hapa mjini aliambiwa aache ngano kabisa, na hakuelezwa ale nini badala yake. Mama ni mtu wa kutii daktari, kwa hiyo aliacha chapati siku hiyo hiyo na kuanza kula ugali wa unga mweupe uliokobolewa, tena sahani iliyojaa, kwa kuwa aliamini kwamba sasa yuko salama. Miezi miwili baadaye sukari yake ilikuwa haijashuka hata kidogo. Mahindi yaliyokobolewa ni wanga kama ngano iliyokobolewa, na mwili wake haukuona tofauti yoyote. Iliniuma kwamba aliinyima nafsi yake chakula alichokipenda kwa muda wote huo bila faida.

Andika kabla ya kubadilisha

Kwa wiki moja, weka daftari dogo jikoni au utumie simu yako, na uandike kila kitu chenye ngano unachokula, saa uliyokila, kiasi chake, na kilichoandamana nacho. Usitegemee kumbukumbu, kwa maana watu hukumbuka chapati lakini husahau biskuti mbili za saa nne, sambusa waliyoila wakisubiri foleni ipungue, tambi za watoto walizozimalizia sufuriani, na kipande cha keki cha sherehe ya ofisini. Mwishoni mwa wiki, hesabu milo iliyokuwa na ngano, kisha hesabu milo iliyokuwa na mboga za majani, maharage, ndengu au tunda. Mimi huitazama zaidi hesabu ya pili. Mtu aliyekula ngano mara 14 kwa wiki, na kila mara ikawa pamoja na sukuma wiki au maharage, simhofii sana. Lakini aliyekula ngano mara 14 na mboga mara 3 tu, huyo ngano yake imefukuza vyakula vingine mezani, na hapo ndipo madhara yanapoanza.

Ujue unga ulio nao

Punje ya ngano ina sehemu tatu. Ganda la nje ni pumba, ambazo ni kama asilimia 14 ya uzito wake. Ndani yake mna kiini kidogo kinachochipua, ambacho ni asilimia 3 hivi. Na sehemu kubwa iliyobaki, karibu asilimia 83, ni wanga mweupe pamoja na protini ambayo ndiyo gluteni. Kiwanda kinapotengeneza unga mweupe, huondoa pumba na kiini na kubakiza wanga. Pamoja na pumba hizo huondoka sehemu kubwa ya nyuzinyuzi, yaani ufumwele, na vilevile madini ya chuma, zinki, magnesi na vitamini za kundi B. Gramu 100 za unga wa ngano nzima huwa na zaidi ya gramu 10 za nyuzinyuzi, ilhali unga mweupe wa uzito huo huo huwa na gramu 3 hivi au pungufu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku kutoka katika vyakula vyake, na ni vigumu mno kuzifikia kwa unga mweupe, mkate mweupe na sembe iliyokobolewa. Mtu anayelalamika kwamba ngano humfanya akose choo mara nyingi analalamikia pumba alizonyimwa.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Kenya inawataka wasagaji wauongezee virutubisho unga wa ngano na wa mahindi unaouzwa katika paketi, vikiwemo madini ya chuma, zinki, vitamini A, asidi ya foliki na vitamini nyingine za kundi B. Hili ni jambo jema, na lina maana ya pekee kwa mwanamke anayetarajia kushika mimba, kwa sababu asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na kasoro za uti wa mgongo. Soma basi maandishi ya nyuma ya paketi uhakikishe virutubisho hivyo vimetajwa. Kumbuka tu kwamba nyuzinyuzi hazirudishwi kwa njia hiyo, na kwa upande mwingine, ngano unayoisaga mwenyewe kwenye posho mili, yaani kinu cha mtaani, ina nyuzinyuzi zote lakini haikuongezewa chochote. Kwa sababu hiyo mimi hushauri kuchanganya unga wa aina hizo mbili, na mama mjamzito asiache vidonge vya foliki na madini ya chuma anavyopewa kliniki kwa kudhani kwamba unga wa nafaka nzima utavifidia.

Ukitaka kununua ngano ya kusaga, maduka ya nafaka ya Nyamakima, hapa Nairobi, ndiyo mahali pa kuanzia, na bei huwa nafuu kuliko ya maduka makubwa. Muuzaji atakuuliza, "Mama, unataka ya kupika au ya kusaga?" kwa sababu ngano ya kupika mara nyingi huwa imekobolewa, mwambie unataka ya kusaga, nzima. Chukua kiganja kimoja, uisugue na kuinusa. Ngano nzuri ni kavu, haina harufu ya ukungu, na haiachi vumbi la wadudu mkononi. Usisage zaidi ya unga utakaoumaliza kwa mwezi mmoja hivi, kwa sababu kiini kina mafuta ambayo huharibika baada ya kusagwa na kuupa unga uchungu. Asiye na nafasi ya kwenda huko anaweza kununua unga wa atta katika duka la mtaani. Huwa na pumba nyingi kuliko unga mweupe, ijapokuwa kiasi hutofautiana baina ya wasagaji, na chujio la chai litakuonyesha ukweli ukichekecha vijiko viwili tu.

Kuhusu mkate wa kahawia, nawasihi wasomaji wasiamini rangi. Rangi hiyo inaweza kutokana na sukari iliyounguzwa. Tazama orodha ya viambato: cha kwanza kikiwa ni "unga wa ngano" bila kutajwa ngano nzima, na pumba zikitajwa mwishoni au zisitajwe kabisa, basi unanunua mkate mweupe uliovishwa nguo nyingine.

Chapati, mahali ambapo hesabu hupotea

Siku moja niliamua kupima. Paketi ya kilo 2 ya unga mweupe ilinipa chapati 24, na nilipoitazama chupa ya mafuta nilikuta nimetumia mililita 300, nikijumlisha yaliyoingia kwenye unga, niliyopaka kabla ya kukunja, na ya kuchomea. Kila chapati basi ilikuwa na gramu 83 za unga na gramu 11 hivi za mafuta. Unga huo una takriban kalori 290, na kwa kuwa kila gramu ya mafuta ina kalori 9, mafuta yaliongeza kalori 100. Anayekula chapati mbili mchana amekula karibu kalori 800 kabla hajagusa mchuzi, na mwanamke wa makamo anayeshinda ameketi ofisini huhitaji kalori 1,800 hivi kwa siku nzima. Mbaya zaidi, chapati hizo mbili zilimpa gramu 5 tu za nyuzinyuzi. Kama zingekuwa za ngano nzima, zingempa zaidi ya gramu 16.

Siwezi kumwambia Mnairobi aache chapati, wala sioni sababu ya kufanya hivyo. Ninachoweza kumwonyesha ni jinsi ya kuipika chapati inayomlisha.

Chukua vikombe viwili vya unga wa atta au wa ngano nzima na kikombe kimoja cha unga mweupe. Chemsha boga, uliponde mpaka liwe laini, upime kikombe kimoja. Tia nusu kijiko cha chai cha chumvi na kijiko kimoja kikubwa cha mafuta, changanya na boga kwanza, ndipo uongeze maji ya vuguvugu kidogo kidogo, kwa sababu boga lina maji yake na ukimwaga kwa pupa utalazimika kuongeza unga. Sukari haihitajiki, boga linatosha. Mwanzoni unga utanata vidoleni na pumba utazihisi kama mchanga laini, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kurudi kwenye unga mweupe. Endelea kukanda kwa dakika 10. Kisha ufunike kwa kitambaa kibichi na uuache kwa dakika 40 kamili, usiuharakishe, kwa maana pumba hunywa maji polepole, na unga wa ngano nzima ambao haukupumzika ndio unaotoa zile chapati ngumu zinazokatika kama kadibodi. Ukirudi, ubonyeze kwa kidole: alama ikirudi taratibu, uko tayari.

Gawanya madonge 10. Sukuma kila moja, lipake mafuta kwa mgongo wa kijiko hadi yang'ae tu, likunje, liache litulie, kisha lisukume tena. Weka kikaango kizito juu ya moto wa wastani na uichome chapati kavu kwanza, upande mmoja hadi madoadoa ya kahawia yajitokeze, halafu upande wa pili. Baada ya hapo ndipo utie mafuta, na kijiko kimoja cha chai kinatosha chapati nzima, pande zote mbili. Zipange moja juu ya nyingine ndani ya chombo chenye mfuniko ili mvuke wake wenyewe uzilainishe. Kwa njia hii mafuta ya kila chapati hupungua, na watoto wangu, ambao niliwahofia kuliko wote, walizila kwa sababu boga huzipa rangi ya dhahabu.

Tumia mafuta ya maji, kama ya alizeti, badala ya yale yanayoganda kwenye mkebe, kwa kuwa mafuta magumu hudhuru mishipa ya moyo yakitumiwa kila siku.

Mandazi, kaimati, mahamri na vile vipande vigumu vinavyouzwa vibandani hupikwa ndani ya mafuta tele, na mara nyingi mafuta hayo yamechemshwa siku nyingi hadi yamekuwa meusi. Vitafunio hivyo vifanye kuwa chakula cha mara moja au mbili kwa wiki. Asubuhi zilizosalia, viazi vitamu, nduma au uji wa wimbi vitakushibisha kwa muda mrefu zaidi.

Kinachoandamana na ngano

Protini ya ngano ina upungufu mmoja mkubwa: haina lisini ya kutosha, ambayo ni mojawapo ya amino asidi, yaani vijenzi vya protini, ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Kunde zote, yaani ndengu, maharage, mbaazi na kamande, zina lisini kwa wingi, lakini zenyewe hupungukiwa na methionini, amino asidi nyingine ambayo ngano inayo. Kwa hiyo chapati kwa ndengu, chakula ambacho wengi wetu tunakiona cha mtu asiye na pesa ya nyama, hukamilishana kama vipande viwili vya sahani iliyovunjika. Agiza chapati moja na sahani kubwa ya ndengu badala ya chapati tatu na kijiko cha mchuzi, na uongeze kachumbari au sukuma wiki ijae nusu ya sahani.

Jambo la pili linahusu chai, na najua linagusa pabaya. Majani ya chai yana tanini, ambazo hushikana na madini ya chuma yaliyo katika chakula cha mimea na kuyazuia yasifyonzwe. Pumba za ngano nazo zina fitati, ambayo hufanya kazi kama hiyo. Mwanamke mwenye upungufu wa damu anayekula mkate na chai asubuhi, chapati na chai mchana, na mkate na chai jioni, anaweza kumeza chuma na mwili wake usikipate. Ahirisha chai kwa saa moja hivi baada ya chakula. Weka limau, nyanya mbichi au chungwa kwenye mlo wenyewe, kwa kuwa vitamini C huusaidia mwili kukichukua chuma. Unga uliochachishwa kwa hamira kwa saa kadhaa pia hupungukiwa na fitati, na hii ni faida ya mkate uliochachuliwa taratibu ambayo chapati haina.

Chumvi nayo isisahaulike. Mkate wa kawaida mara nyingi huwa na gramu 1 hivi ya chumvi katika kila gramu 100, na kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku. Mwenye shinikizo la damu anayekula robo ya mkate wa gramu 400 kila asubuhi aihesabu.

Ukiwa na kisukari

Usiamini kwamba unga wa kahawia utazuia sukari kupanda. Ngano nzima iliyosagwa laini huinua sukari ya damu kwa kasi inayokaribiana na ya mkate mweupe. Faida yake huonekana kwa muda mrefu, katika moyo, tumbo na uzito. Kinachosaidia mlo wenyewe ni kiasi. Acha robo moja ya sahani iwe ya wanga, uwe wa chapati au wa ugali, robo ya maharage, samaki, yai au nyama, na nusu iwe ya mboga. Kisha pima. Ukiwa na kipima sukari nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula, ukiwa umekula chapati moja yenye kunde na mboga. Watu wazima wengi wenye kisukari huwekewa lengo la chini ya milimoli 10 kwa lita baada ya mlo, ila daktari wako anaweza kukupa lengo jingine. Kipimo hicho ndicho kilichomrudishia mama yangu chapati yake ya Jumapili, moja, na sahani ya managu pembeni.

Ngano inapokuwa ugonjwa

Wapo watu ambao hawapaswi kuila hata kidogo. Wenye ugonjwa wa seliaki, wanaokadiriwa kuwa kama asilimia 1 ya watu duniani, mfumo wao wa kinga hushambulia utumbo mwembamba kila gluteni inapoingia, na vile vinyweleo vinavyofyonza chakula husagika hadi kuwa bapa. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, alikuwa akiishuku ngano tangu miaka ya 1930. Katika majira ya baridi ya njaa ya mwaka 1944 na 1945, mkate ulipoadimika, wagonjwa wake walipata nafuu, na uliporudi, walizorota tena. Tusidhani kwamba ni ugonjwa wa Wazungu tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliukuta katika zaidi ya asilimia 5 ya watoto wa Wasaharawi waliopimwa, nao ni Waafrika wa Sahara Magharibi.

Dalili zake ni kuharisha kusikoisha au tumbo kujaa, kupungua uzito, upungufu wa damu usiopona kwa vidonge, na kwa mtoto, kudumaa. Hapa kwetu dalili hizo hutibiwa haraka kama minyoo, amiba au vidonda vya tumbo, na mgonjwa huzunguka kliniki kwa miaka. Ukizitambua ndani yako au kwa mtoto wako, mwombe daktari kipimo cha damu cha kingamwili za seliaki, na ukishakiomba, usiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha, kingamwili hushuka, kipimo husema huna ugonjwa, na utakuwa umejifungia mlango wa jibu.

Mzio wa ngano ni tofauti: huja ndani ya dakika au saa chache, kwa vipele, midomo kuvimba au pumzi kubana, na pumzi ikibana huyo ni wa kupelekwa hospitali mara moja. Kuna pia watu ambao tumbo lao hujaa gesi kwa sababu ya fruktani, aina ya wanga iliyo katika ngano na pia katika vitunguu maji na vitunguu saumu. Hao hawana haja ya kuiacha ngano milele. Wengi hupata nafuu wakipunguza kiasi.

Aliyethibitishwa kuwa na seliaki ana bahati ya kuishi mahali penye mahindi, wimbi, mtama, mchele, mihogo, nduma na viazi vitamu, vyote visivyo na gluteni. Ajiepushe na shayiri na rai pamoja na ngano, na asome paketi za unga wa uji, kwa kuwa baadhi ya michanganyiko hutiwa ngano. Zaidi ya yote, awe mwangalifu na posho mili. Kinu kilichosaga ngano ya jirani hubakiza unga wake ndani, na debe lako la wimbi litatoka limechanganyika nao. Tafuta kinu kisichosaga ngano kabisa, au ununue unga uliofungwa kiwandani ambao paketi yake inasema wazi kwamba hauna gluteni.